Kasri ya Xi'an na Waliokuwa Wakilala Juu Yake

Tangu niliporudi kutoka China, kila nikikaa barazani baada ya swala ya isha huulizwa swali moja: "Ehe, umeona nini huko?" Wenzangu hutaka niwahadithie magarimoshi yakimbiayo kama umeme na majumba yanayogusa mawingu. Hayo nimeyaona, wala sina haja ya kuyasimulia, kwani kila mwenye simu mkononi ameyaona pia. Mimi huwajibu kwamba nimeona udongo. Hucheka, wakadhani ni mzaha wa washairi. Lakini ndivyo ilivyo, msomaji mpenzi. Jambo lililonikaa moyoni katika siku nane za safari ile ni jukwaa la udongo ulioshindiliwa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, katika mji wa Xi'an, na watu walioondolewa juu yake ili mimi na wewe tupate kulitazama.

Nisimfiche msomaji jambo: nauli sikujilipia. Nilikuwa mmoja wa waandishi kadhaa walioalikwa, na mwalikwa hula alichopakuliwa. Mara ya kwanza tulipakuliwa kasri hiyo kwa muda wa saa moja na nusu, bendera ndogo ya kiongozi ikitutangulia na basi likingurumia mlangoni. Siku mbili baadaye, wenzangu walipopelekwa madukani, niliomba ruhusa nikarudi pamoja na kijana wetu mmoja wa Kisauni asomaye uhandisi huko, ambaye Kichina chake kimenyooka kuliko Kiswahili cha baadhi ya waheshimiwa wetu. Yeye huniita Ami, nami humwita mwanangu, ingawa hatuna udugu ila wa pwani.

Kasri yenyewe yaitwa Daming. Xi'an ya leo ndiyo Chang'an ya zamani, makao ya wafalme wa ukoo wa Tang waliotawala China toka mwaka 618 hata 907. Mfalme Taizong alianza kuijenga mwaka 634, iwe pahala pa kumpumzisha babake wakati wa joto. Mzee akafariki mwaka uliofuata kabla haijesha, kazi ikasimama. Gaozong, mwanawe Taizong, ndiye aliyekuja kuimaliza mwaka 663. Yeye alikuwa mtu wa maradhi, na kasri ya zamani ilikuwa bondeni penye unyevunyevu. Akapanda kilimani apate upepo. Toka hapo wafalme waliopokezana kiti hicho walikaa humo kwa zaidi ya miaka 200.

Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita tatu za mraba. Kwa msomaji wa kwetu nitasema hivi: Mji wa Kale wa Lamu, ule ulioandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni hekta 16 hivi. Ndani ya kasri hii moja zaingia Lamu ishirini, na misikiti yake yote na punda wake.

Kisha dola ikachoka, kama zichokavyo dola zote. Waasi wa Huang Chao wakaingia Chang'an mwaka 881, majeshi yakapokezana kuteka na kuchoma, na mwaka 904 mbabe wa vita mmoja, Zhu Wen, akamlazimisha mfalme ahamie Luoyang. Majumba yakabomolewa, mbao zake zikatiwa katika Mto Wei zikaelea kwenda kujengea mji mwingine. Sasa kasri ya mbao ukiiondoa mbao, husalia nini? Husalia jukwaa la udongo. Wakulima wakaja wakalima juu yake, na mbuzi wakalisha alipokuwa akikaa mfalme aliyejiita Mwana wa Mbingu.

Hapa ndipo nilipoanza kuwahusudu Wachina hawa, na nitaeleza kwa urefu kidogo, kwani jambo hili latuhusu.

Wataalamu wa mambo ya kale walianza kuchimba hapo mwaka 1957. Wakakuta misingi ya ukumbi mkuu, uitwao Hanyuan, mfalme alipokuwa akitokea siku za sherehe kubwa. Jukwaa lake limeinuka juu ya uwanda kiasi cha mita 15. Ukisimama chini waona kama minbari ya majitu. Toka mwaka 1995 hadi 2003 kazi ya kulihifadhi iliendeshwa kwa msaada wa UNESCO na fedha za Japani. Japani wana sababu yao: wajumbe wao wa zamani walikirimiwa katika ukumbi mwingine wa kasri hiyo hiyo, uitwao Linde, na mji wao wa Nara waliujenga kwa kuiga ramani ya Chang'an. Kisha Oktoba 2010 eneo lote likafunguliwa kuwa bustani ya taifa, na mwaka 2014 likaandikwa katika Urithi wa Dunia pamoja na pahala pengine thelathini na mbili pa Njia ya Hariri, katika China, Kazakhstan na Kyrgyzstan.

Mtu wa kawaida angetarajia nini? Fedha wanazo, mafundi wanao. Wangesimamisha kasri mpya yenye nguzo nyekundu na mapaa yaliyokunja ncha, watu wakapiga picha wakaondoka wameridhika. Mbona pahala pengi duniani hufanywa hivyo, na China kwenyewe pia hufanywa. Lakini ukumbi wa Hanyuan haukujengwa upya. Walichofanya ni kulifunika jukwaa la asili kwa matofali mapya ya kijivu, mithili ya mtu afungaye kidonda kitambaa, ili mvua isiumumunye ule udongo. Unapopanda juu wajua kwamba chini ya nyayo zako umelala udongo wenyewe. Huuoni, lakini upo na umehifadhika. Juu hamna kuta, hamna paa. Zipo alama tu za pale zilipokuwa nguzo. Kwa sababu gani? Kwa sababu hakuna aliye hai ajuaye kwa yakini paa lile lilikuwaje, na asiyejua akijenga atakuwa amejenga mawazo yake mwenyewe kisha akayapachika jina la marehemu. Wataalamu wa majengo ya kale waliafikiana zamani, katika mkataba wao wa Venice wa mwaka 1964, kwamba gofu lisijengwe upya kwa dhana. Wengi wameusahau mkataba huo. Hapa umekumbukwa.

Kwenye lango kuu la kusini, Danfeng, lenye njia tano za kupitia, walikwenda kinyume kidogo. Juu ya misingi ya lango wamesimamisha jengo kubwa la chuma kwa umbo la lango la zamani, kulivika gofu kofia lisipigwe na jua. Ndani mwapita juu ya daraja mkitazama chini kwenye udongo wa asili. Na lile jengo la juu wamelipaka lote rangi moja tu, ya udongo mkavu, kuanzia chini hata mapaani, ili asije mtu akadanganyika akadhani ni la kale. Nimeipenda insafu hiyo. Ila kwa maoni yangu kofia imekuwa kubwa kuliko kichwa. Ukilitazama kutoka stesheni ya reli, lililo mbele yake, hulioni gofu, waona kofia. Na upuuzi pia haukukosekana: kuna kasri nzima ndogo ya kuchezea, iliyopunguzwa mara 15, nami niliwaona watu wengi zaidi wakipiga picha hapo kuliko pale juu ya jukwaa la kweli.

Nilikaa juu ya ngazi za Hanyuan nikawakumbuka wageni waliofika mji huo kabla yangu. Mwaka 651, zama za Sayyidna Uthman, wajumbe wa Waarabu walifika Chang'an mbele ya mfalme Gaozong, yule yule wa maradhi aliyekuja kuimaliza kasri miaka 12 baadaye. Na katika tarikhi za Tang kuna kisa cha mwaka 758 ambacho kila mtu wa pwani atakitambua. Wajumbe wa Khalifa wa Bani Abbas, ambao Wachina waliwaita wale wenye nguo nyeusi, walifika siku moja na wajumbe wa Wauighuri. Mlangoni pa baraza ya mfalme wakagombana nani atangulie kuingia. Wakalimani wakapata hila: wakawagawa kulia na kushoto, wakaingizwa kwa wakati mmoja kila kundi kwa mlango wake. Nani kati yetu hajaona mambo kama hayo kwenye maulidi, pahala pa kukaa wakubwa?

Na sisi wakati huo tulikuwa wapi? Swali hili kiongozi wetu aliniuliza kwa adabu, nikamjibu: tulikuwa Shanga. Mark Horton alichimba huko, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti wa mawe misingi ya misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine. Na ule wa chini kabisa, mdogo wa miti na udongo, ni wa karne ya 8, wakati kasri ya Daming ingali ikiwaka taa. Katika taka za watu wa Shanga na wa Manda vimepatikana vigae vya vyombo vya China vya enzi hiyo hiyo ya Tang, vilivyotufikia kwa kupitia bandari za Ghuba. Bakuli moja, kasri kule na kibanda cha kuswalia huku. Sioni haya kulisema hilo. Msikiti wa miti ulikuwa na watu wake, na mtu hawekezi bakuli la mbali katika nyumba isiyo na mgeni wa kumpakulia.

Jioni ya siku ya kwanza, kijana wangu alinipeleka mtaa wa Waislamu, ndani ya kuta za mji wa zamani. Sote tulisomeshwa chuoni ile kauli ya kutafuta elimu hata kama ni China, na nilipokuwa mkubwa nikajua kuwa wanavyuoni wameitilia shaka sanadi yake. Sahihi au dhaifu, ilinipitia akilini nilipouona Msikiti Mkuu wa Xi'an. Jiwe la maandishi lililomo lautaja mwaka 742. Majengo yasimamayo leo msingi wake ni wa enzi ya Ming, toka mwaka 1392. Hauna kuba. Wote ni mbao na vigae vya Kichina, nyua tano zikifuatana, mnara wake ukiwa jengo la pembe nane ambalo usingejua ni mnara mpaka uambiwe. Sisi pwani kibla chetu ki kaskazini. Wao huelekea magharibi, kwa hivyo mlolongo wote wa nyua zile wakuvuta magharibi mpaka kwenye mihrabu. Na kuta za ndani zimewekwa mbao zilizochongwa Kur'ani.

Watalii hawaruhusiwi ukumbi wa kuswalia. Mlinzi aliinua mkono kutuzuia. Nikatoa salamu, akajibu kwa Kiarabu, akatupisha. Tukaswali magharibi na jamaa. Jamaa wale ni Mahanafi, na Mahanafi husema Amin kimoyomoyo. Mimi na kijana wangu, Mashafii wa kuzaliwa, tukajikuta peke yetu tukiivuta Amin kwa sauti, na msikiti mzima kimya. Kijana aliona haya. Baada ya swala mzee mmoja akatushika mkono akicheka, akatupeleka kula mchuzi wa kondoo, ambao mwenyewe humegamega mkate mkavu ndani ya bakuli, vipande vidogo kama punje za mahindi, ndipo mpishi akaumiminia mchuzi. Vyangu vilikuwa vikubwa mno. Mpishi akavirudisha nimege tena.

Lazima niseme na hili pia, hata kama mwalikwa hutarajiwa kusifu mchuzi tu. Msikiti wa Xi'an umenusurika, pengine kwa kuwa haukuwa na kuba tangu asili. Pengine mambo si hivyo. Mwezi Agosti 2018 Waislamu wa Weizhou, katika Ningxia, walikusanyika kwa maelfu kuuzuia msikiti wao mkuu usibomolewe. Ukasalia, lakini makuba yake yakaja kuondolewa yakawekwa mapaa ya Kichina. Mji wa kale wa Kashgar, kwa Wauighuri, ulianza kubomolewa na kujengwa upya toka mwaka 2009, na sababu iliyotolewa ilikuwa mitetemeko ya ardhi. Na mnamo Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti kwamba yaliyowapata Wauighuri na Waislamu wengine huko Xinjiang, kuwekwa kizuizini kwa wingi, yaweza kuwa ni jinai dhidi ya ubinadamu. Serikali ya China iliikataa ripoti hiyo. Basi serikali hiyo moja ina mkono uchao kugusa tofali la Tang bila ya idhini ya mtaalamu, na ina mkono mwingine. Mgeni mwenye macho aitazame mikono yote miwili.

Mzee wa mchuzi ndiye aliyenitia fitina ya kurudi Daming. Alipojua tumetoka huko, alisema neno ambalo kijana wangu alilitafsiri hivi: "Kule kulikuwa kwa watu wa Henan. Sasa ni kwa maua."

Nikarudi, basi. Asubuhi mapema sehemu kubwa ya bustani ni ya bure, na imejaa wazee: wapo wanyooshao viungo, wapo wenye vinanda, wapo waandikao kwa maji. Hili la maji sikuwahi kuliona. Mtu ana burashi ndefu kama fimbo na ndoo. Huandika juu ya sakafu ya mawe herufi kubwa nzuri, na afikapo mstari wa tatu, wa kwanza umeshakauka. Nikakumbuka ubao wangu wa chuo, tuliouandika kwa wino wa masizi na kuuosha ili kupokea aya mpya. Nikasimama nikamtazama mmoja wao, mzee wa miaka sabini na kitu, mpaka akanipa kiti chake cha kukunja.

Kijana wangu alimwuliza kama yeye ni wa mtaa ule. Mzee alionyesha kwa burashi, upande wa mashariki, safu ya miti michanga: "Mlango wangu ulikuwa pale, wa tatu toka kisimani."

Kumbe pale palikuwa mtaa. Mwezi Juni 1938 jeshi la Chiang Kai-shek lilivunja kingo za Mto Manjano pale Huayuankou, ili kuwazuia Wajapani wasiendelee mbele. Maji yakafunika mashamba ya Henan na majimbo ya jirani, watu laki kadhaa wakafa kwa mafuriko na yaliyofuatia. Na mwaka 1942 Henan ikaingiwa na njaa kubwa. Waliosalia wakaifuata reli kuelekea magharibi. Waliposhuka Xi'an hawakuwa na pahala, wakajenga vibanda kaskazini ya stesheni, juu ya uwanja usiokuwa na mwenyewe, ambao chini yake ilikuwa imelala kasri. Mtaa ukaitwa Daobei, yaani kaskazini ya reli. Vibanda vikawa vyumba, vyumba vikazaa vyumba. Watu wa mjini waliwadharau. Wakisema fulani ni wa Daobei, waliweka mikono juu ya mifuko yao. Kazi ya kuwahamisha ilipoanza mwaka 2007, walikuwa watu wapatao laki moja. Miaka mitatu baadaye hakukuwa na hata mmoja.

Nilitaraji mzee alalamike, na kalamu yangu, nakiri, ilikuwa tayari. Hakunipa nilichotaka. Alisema chumba chao kilikuwa kimoja kwa watu saba, choo kimoja kwa uchochoro mzima, na wakati wa mvua kuta zikimong'onyoka. Alipewa nyumba ya ghorofa mbali na hapo, ina maji na moto wa jikoni, na mkewe hataki hata kukumbushwa Daobei. Hiyo ni kweli ya kwanza. Kisha akasema aliyekuwa mpangaji hakupewa nyumba. Na akasema kwamba majirani wa uchochoro wake wametawanywa katika mitaa mingi, na kati ya wanaume tisa waliokuwa wakicheza sataranji pamoja, wawili tu ndio wapandao basi kuja hapa asubuhi. Wa pili hakuja siku ile.

Bustani kubwa kama hii haijilipii kwa tiketi. Hesabu ilikuwa kwamba ardhi ya pembezoni itapanda bei, na imepanda. Ukizunguka ukuta waona maghorofa mapya yamepanga safu, yakiuza mandhari ya kasri kwa wanaoweza. Huko si waliko watu wa Daobei. Gofu limehifadhiwa kwa ustadi ambao sijapata kuuona, nami sibadilishi neno katika sifa nilizolipa. Ila hifadhi ile ilimtazama mfalme wa miaka elfu na mia, ikamwona mkimbizi wa mwaka 1938 kuwa ni taka juu ya kaburi. Na yeye pia alikuwa tarikhi. Mafuriko yale, njaa ile, reli ile, yote yamo katika maisha ya China kama yalivyomo mambo ya Tang. Nilitafuta katika bustani nzima alama ya uchochoro mmoja wa Daobei, sikuuona.

Mwezi Julai 2024 magofu yetu ya Gedi yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Gedi nayo ina kasri yake, ina msikiti wake mkuu, na toka James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 mmetoka vyombo vya China kwa wingi. Nyumba moja yaitwa mpaka leo Nyumba ya Fedha za Kichina. Wachina wenyewe wamekuja kuchimba jirani, Malindi na Mambrui, pamoja na wataalamu wetu, na mwaka 2010 ikapatikana Mambrui sarafu ya mfalme Yongle. Kwa hivyo ustadi wa Daming waweza kutufikia, na ufike. Kuta zetu za mawe ya tumbawe na chokaa zahitaji mikono kama ile.

Lakini jina la Urithi wa Dunia hupandisha bei ya ardhi, Gedi kama Xi'an. Na pwani yetu, msomaji wajua, ni nchi ya watu waliozaliwa na kuzikana juu ya ardhi ambayo hati yake i mfukoni mwa mtu mwingine. Mzee wa Daobei alilipwa kwa kuwa na karatasi. Je, Mgiriama wa kando ya uzio wa Gedi, ambaye babake alilima hapo na hakuna karatasi, atahesabiwa ni mwenyeji au ni mpangaji? Hilo ndilo swali ningependa liulizwe sasa, kabla ya mipango, kwa sababu baada ya mipango hujibiwa na tingatinga. Gedi tuna bahati ya mfano mwema uliopo tayari: tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, uliokaa papo hapo kwenye magofu, wanunua kwa wakulima wa jirani vifukofuko vya vipepeo na kuviuza ng'ambo, na mkulima akapata sababu ya kuupenda msitu wa Arabuko-Sokoke badala ya kuukata. Ni mradi mdogo. Lakini ni gofu lenye majirani wanaokula kwa kuwepo kwake, jambo ambalo Daming, kwa fedha zake zote, sikuliona.

Na si serikali tu wala tingatinga tu. Nyumba ya babu yetu Lamu hakutunyang'anya mtu, tuliiuza wenyewe. Ilikuwa na warithi kumi na wanane, kila mmoja na sehemu yake ya mirathi, na hakuna aliyeweza kununua boriti hata moja. Mvua tatu zikapita, dari ya sebule ikaanguka. Akatokea mgeni kutoka Ulaya mwenye fedha na mapenzi ya kweli. Akatafuta fundi bora, akasimamisha upya zidaka zote, chokaa ikang'aa kama meno. Nilialikwa mara moja kunywa maji ya ndimu. Nikaonyeshwa chumba alichofia nyanya yangu, nikaambiwa ni chumba cha wageni chenye upepo mzuri kuliko vyote. Kweli, upepo wake ni mzuri. Wazee wetu walikuwa na dawa ya jambo hili, nayo ni wakfu, nyumba isiyouzika wala kugawika. Tuliiwekea misikiti na visima, nyumba tukaziacha zigawanywe mpaka zikawa vumbi. Najiuliza kama kadhi na mashirika yetu hawawezi kukaa pamoja wakatafuta namna ya kuiwekea wakfu walau mitaa michache ya Mkomani, kabla haijawa yote vyumba vya wageni.

Haya niliyawaza nikiwa bado kwenye kile kiti cha kukunja. Mzee alikuwa ameandika jina la uchochoro wake juu ya jiwe, nalo likikauka. Akanipa burashi. Nikaandika Bismillahi kwa mkono wa Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Akainama akaitazama kwa heshima, akasema kwa kijana kwamba nashika burashi kama mtu afagiaye. Kisha akauliza: kwetu kuna magofu? Nikasema yapo. Yana watu? Nikamwambia ndani hamna, ila pembeni wapo, na baadhi yao wafuga vipepeo.

Mzee aliacha kuandika. Akamgeukia kijana wangu, akamwuliza kama amenitafsiri sawasawa. Kijana akarudia. Mzee akamtaka arudie tena, mara hii kwa kuonyesha na mikono, na kijana wa watu, mhandisi mtarajiwa, akasimama katikati ya kasri ya Tang akipigapiga mabawa.